Babu Aitisha Mkutano kwa Kompyuta

4 Februari

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo unayekula mshahara wako peke yako huko mbali,

Pokea salamu zangu uzigawe, nusu zako na nusu za yule kijana mrefu wa miwani, kama bado yupo. Sisi huku tupo. Goti langu la kushoto limepona kwa kulipuuza. Bibi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Paka amezaa ndani ya viatu vyangu vya kazi, bibi yako anasema waachwe humo humo kwa sababu mimi sina tena kazi ya kuvivalia. Nimeviacha. Mwanamume hagombanii kiatu na mzazi.

Sasa jambo lenyewe. Usinipigie simu, niandikie. Simu yangu siku hizi inanong'ona, na mimi nikisema "ongeza sauti" mtaa mzima unatoka madirishani kusikiliza. Barua mpe dereva wa lori la saruji, yule yule aliyekuletea hii.

Chama chetu cha wastaafu wa ghala unakijua. Na chumba chetu unakijua, kile cha nyuma ya mizani ya magari, benchi mbili na dirisha moja lisilofunga. Basi ghala limepata meneja mpya, mtu mdogo, suruali imembana mpaka naogopa akiinama. Amesema chumba kizima kinakaliwa na wazee wanne wanaocheza drafti, na yeye hana pa kuweka makopo ya rangi. Siku ya mkutano mkuu, mwezi wa nne, atakuja kwa macho yake. Akikuta chumba kimejaa, ni chetu. Akikuta ni wale wale wanne, tutoke na benchi zetu.

Mimi binafsi sikihitaji chumba, nina nyumba. Ila bibi yako anafagia kila asubuhi, na pale nilipokaa ndipo anapoanzia.

Wenzangu walishika vichwa. Wanachama wametawanyika, wengine wanakaa huko barabara inakoishia, nani atawapata? Nikasimama. Nikasema: "Tulieni. Ile kompyuta ya chama ina kanzidata. Mke wangu mdogo aliijenga alipokuja likizo, kila mwanachama yumo, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo pembeni yake. Naijua kama kiganja changu." Wakanipigia makofi, wakanifanya katibu. Hata Kufuli, mwenyekiti wetu, mtu asiyefunguka mdomo mpaka umzungushe, alisema: "Haya."

Kwa hiyo niandikie namna ya kuiambia ile mashine initolee majina na mahali watu wanapokaa, niyapeleke duka la uchapaji, barua zitoke. Si kwamba sijui. Nataka nione kama na wewe bado unakumbuka.

Penye wazee haliharibiki jambo.

Babu yako,
KATIBU

19 Februari

Mume wangu mzee, sasa Mheshimiwa Katibu,

Shikamoo. Mpelekee mke mwenzangu shikamoo yake, na umwambie kitambaa kimefika, ila alichokifungia harufu yake ni ya samli na ofisi nzima inaniuliza napika nini. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, mvua ni nyingi, kulala ni kidogo.

Umesema ulikaa pembeni yangu siku ile nilipoijenga kanzidata. Kweli ulikaa, babu. Na ulikoroma vizuri.

Lakini usiogope, kwa sababu niliijenga kwa picha. Huna la kuandika hata herufi moja, ni kubonyeza tu.

Washa kompyuta. Utaona picha ya kabati, bonyeza mara mbili. Ndani kuna jedwali linaitwa Wanachama: mistari mingi, kila mstari mtu mmoja, na kila mtu ana jina, anapokaa na hali yake. Juu ya neno Hali pana picha ya faneli, kama ile ya kutilia mafuta kwenye taa. Kazi yake ni hiyo hiyo, kuchuja. Ibonyeze. Vitatokea visanduku vitatu: Yupo, Amefariki, Amejitoa. Weka alama panapohusika. Kisha bonyeza pembetatu ya kijani, maana yake "tafuta". Orodha ikija, tazama upande wa kulia, pana kisanduku chenye mshale unaotoka nje. Ukibonyeza huo, orodha inageuka faili. Liweke kwenye flashi, peleka dukani, watabandika kila jina kwenye barua yake.

Nakuomba jambo moja tu, mume wangu. Kabla ya kubonyeza mshale, isome orodha. Hata kidogo. Hata juu juu.

Mkeo mdogo

11 Machi

Mjukuu wangu,

Tunashukuru tumeamka. Paka wamefumbua macho, viatu sasa basi. Bibi yako anasema hujajibu habari za yule mrefu. Na mimi nimeona hujajibu. Haya.

Nakuandikia nikiwa mtu mwingine. Kazi imekwisha! Barua zimechapwa, zimepigwa muhuri, zimekwenda. Mwanzoni kompyuta ilitaka kunitambia, ikawa inanionyesha picha ya milima, nikaiambia mimi sikuja kutalii. Nikabonyeza kabati. Nikaingia. Mke wangu, ile mistari! Kama magunia siku ya mavuno, yamepangwa mpaka darini.

Nikaikuta faneli. Nikavikuta na visanduku vyako vitatu, ukaniandikia niweke alama panapohusika, hapo ndipo uliponichekesha. Unamfundisha mkaguzi kuweka alama? Ujana wangu wote pale ghalani niliumaliza na chaki mkononi. Gunia lililolowa, gunia lililotobolewa na panya, napiga alama, wapagazi wanalitoa nje. Lisilo na alama linapakiwa. Hakuna tajiri aliyewahi kulalamika. Basi nikapiga alama zangu kama enzi zangu, pembetatu ikazunguka, mashine ikatii.

Orodha ikatoka ndefu. Nilifurahi sana. Sikujua kama tuko wengi hivi.

Kusoma sikusoma, mwanga wa lile dirisha unatoka kushoto na jicho langu zuri ni la kulia. Na mtu hakagui kazi aliyoifanya mwenyewe, ni kujivunjia heshima. Nikabonyeza mshale.

Barua yenyewe nimeitunga mimi, mama wa duka la uchapaji alisema hajawahi kuona mwaliko kama huu. Nakunakilia uone babu yako alivyo na kalamu:

"Ndugu Mwanachama. Mwaka jana hukuonekana. Mwaka juzi hukuonekana. Tumechoka na kimya chako. Unatakiwa kufika mkutano mkuu, Jumamosi ya pili ya Aprili, saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma ya mizani, ukiwa umeoga. Ugonjwa si udhuru. Ukishindwa kuja, Katibu atakufuata huko huko uliko, na mtarudi pamoja."

Nani atathubutu kukosa?

Babu yako, Katibu, Mtu wa Kompyuta

20 Machi

Babu,

Shikamoo. Sote wazima huku. Habari za wengine nitaandika siku nyingine.

Nimesoma barua yako kwenye foleni ya benki na nimetoka kwenye foleni. Hebu nijibu haraka, na usinijibu kwa mashairi: uliweka alama kwenye kisanduku kipi? Kwenye Yupo? Niambie uliweka kwenye Yupo.

Mjukuu wako

24 Machi

Mjukuu wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Sisi wazima, kwa kadiri ya hali. Goti limerudi. Bibi yako ananitazama sana siku hizi, anageuka, mabega yanamtikisika, sijui analia au anacheka.

Mwitikio wa barua umekuwa mkubwa. Watu wameguswa mno.

Kuna mambo madogo madogo ya posta. Kufuli anasema hakupata barua. Wale wa drafti nao hawakupata. Nimewaambia, "Nyie mko hapa kila siku, mnataka barua ya nini? Barua ni za wasiokuja!" Wakanielewa.

Halafu Mizani amenijibu kwa maandishi. Mizani yule mpima uzito, aliyejitoa chama siku ile alipodai nimehamisha kete yake ya drafti alipokwenda kujisaidia. Ameandika: "Nimeona umenikumbuka. Nitakuja. Sitakuja kwa ajili yako." Sikumbuki kumwandikia.

Na jana alikuja mjane wa mwendesha winchi. Unamkumbuka mama yule, sauti yake ilikuwa inasimamisha lori. Nilikuwa na kete mkononi. Akaingia bila kubisha, barua mkono mmoja, picha ya marehemu kwenye fremu mkono wa pili.

"Katibu ni nani hapa?"

Wenzangu wote wakaninyooshea vidole, wasaliti wale. Hata Kufuli.

"Mume wangu umemwambia mmechoka na kimya chake."

"Shemeji, karibu ukae."

"Umemwambia aje ameoga. Tulimwogesha, shemeji. Wewe mwenyewe ulishika kata ya maji."

Mke wangu, niliiweka kete chini taratibu.

"Na hapa umesema utamfuata huko huko aliko na mtarudi pamoja. Sasa nimekuja kuuliza, unaondoka lini? Nikufungie chakula cha njiani?"

Kufuli alicheka. Miaka yote ninayomjua sikujua kama ana meno.

Nikamwambia mama kwa utaratibu kwamba ni hitilafu ya mtambo, hata benki hutokea. Akasema mitaani kwao wajane wote wamepata, na mtoto wa marehemu mlinzi ameibandika ya baba yake ukutani, na kwamba Jumamosi hiyo watakuja wote, wanisikilize nikiwaeleza huo mtambo. Akaondoka na fremu yake.

Sasa wewe ndiye uliyeijenga hiyo mashine. Imewaingizaje watu wale? Chunguza. Mkutano unakaribia, na meneja jana alipita nje ya chumba anapiga mluzi.

Babu yako

2 Aprili

Mume wangu,

Shikamoo. Bibi amenipigia simu. Alicheka mpaka salio likaisha, akakopa salio, akacheka tena.

Hakuna hitilafu, babu. Kwenye ghala lako alama ilikuwa inasema "huyu mtoe". Kwenye faneli alama inasema "huyu nipe". Ulitia alama Amefariki, ukatia alama Amejitoa, ukadhani umewaweka kando. Mashine ikakuletea hao hao, wote, kwa utii. Waliopo hukuwatia alama, kwa hiyo waliopo wamebaki ndani ya kabati. Ndiyo maana Kufuli hakupata barua.

Na mimi nina kosa langu. Niliandika "panapohusika" kama vile nakaa kichwani mwako. Ningeandika "weka alama kwenye Yupo" tungelala salama.

Fanya hivi leo hii. Fungua kabati, nenda kwenye faneli, futa alama zote, weka moja tu kwenye Yupo, pembetatu, SOMA, kisha mshale. Wapelekee barua mpya, fupi, isiyo na vitisho. Na kina mama wale uwaombe radhi. Si kwa maandishi, tafadhali, maandishi yako nimeyaona. Nenda mlango kwa mlango.

Najua utasema babu yako haombi radhi kwa ajili ya mashine. Basi omba kwa ajili ya chumba. Bibi ameniambia asubuhi unakwenda huko hata siku ambazo wenzio hawaji, unakaa peke yako na kufagia. Wewe, unafagia!

Kuhusu yule mrefu: umeuliza, nikaruka. Bibi kauliza, nikaruka. Naruka tena.

Mkeo mdogo

18 Aprili

Mjukuu wangu, mke wangu, kanzidata yangu,

Salamu nyingi na zimefungwa vizuri. Huku mzima ni bibi yako, mimi ni mzima wa kujikongoja. Barua yako ya tarehe mbili nimeipata jana. Lori la saruji lililala gereji, dereva akalala nalo. Kwa hiyo yote uliyoniagiza sikuyafanya, si kwa ubishi, ni kwa gereji. Na hilo la kufagia bibi yako amekudanganya, nilikuwa natafuta kete.

Sasa sikia mkutano.

Saa tatu tulikuwa sisi wanne, Kufuli, na Mizani aliyekaa kanipa mgongo. Basi. Meneja akaingia na futi ya kamba. Hakusalimu, akaanza kupima ukuta, anasema mwenyewe kwa sauti, "Rafu moja hapa, rafu moja hapa." Mimi nikaisoma ajenda kwa sauti kubwa kuishinda yake.

Nikawaza, leo ndio mwisho. Kesho asubuhi nitakaa wapi?

Mara nje nikasikia kishindo. Mke wangu, kina mama! Wanakuja kwa mkupuo, vitambaa kichwani, picha za waume zao vifuani, kila mmoja na barua yangu mkononi kama hati ya kunikamata. Nyuma yao watoto wao, mtoto wa mlinzi na wadogo zake. Wakajaza benchi, wakajaza dirisha, wengine wakabaki nje wakichungulia juu ya mabega. Meneja akabanwa kwenye kona na futi yake, akawa hata mkono hawezi kuukunja.

Akauliza, "Hawa ni nani? Hawa ni wanachama?"

Nikasimama. Mimi, katibu, mtu wa maneno. Kusema ndiyo ni uongo, kusema hapana ni makopo ya rangi.

Mjane wa mwendesha winchi akanisukuma nikakaa. Akamgeukia meneja.

"Mimi nimeitwa. Barua hii hapa, ina muhuri."

"Lakini mama, jina hili si lako."

"Ni la mume wangu. Alipakia ghala hili kabla wewe hujajua kufunga vifungo. Mwenyewe hawezi kuja, ana sababu. Sasa kiti chake akalie nani? Kopo la rangi?"

Kina mama wakaitikia kwa pamoja, hapo meneja akatazama mlango, na mlango haukuonekana.

Kisha mama akanielekezea kidole. "Na wewe usidhani nimekusahau. Tutaonana akishatoka mgeni."

Ndipo Mizani akageuka. Mara ya kwanza kunitazama tangu ile kete. Akasema, "Katiba ya chama inaruhusu mkutano kuingiza wanachama wapya kwa kura. Naomba hoja ipigiwe kura." Na Kufuli akasimama, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Wanaokubali kiti cha marehemu kikaliwe na mjane wake, mikono juu."

Sisi wenye haki ya kupiga kura tulikuwa wachache, lakini hakuna mkono uliobaki chini. Mimi nilinyoosha miwili, wakanihesabia mmoja. Ikaandikwa. Meneja akahesabu vichwa, akachoka njiani, akavuta futi yake ikajizungusha ndani ya kibweta, akasema atatafuta mahali pengine pa rangi. Aliondoka kwa ubavu, kwa ile suruali yake.

Mambo niliyowaambia kina mama baada ya hapo ni siri ya chama, hayaandikwi. Bibi yako alikuwepo dirishani, na nimemkataza kukusimulia. Najua ameshakusimulia.

Kuhusu ukatibu, nimepandishwa. Mjane wa mwendesha winchi ndiye katibu sasa, alikuwa karani wa shule, anapiga chapa bila kutazama vidole. Mimi nimepewa cheo kilichoundwa kwa ajili yangu, Msomaji wa Orodha. Orodha haitoki na mshale mpaka niisome mbele yao, kwa sauti, jina kwa jina, nimevaa miwani. Jana nilisoma ya waliopo. Kila ninayemtaja anaitika "Yupo!" Ni kazi nzito, si kila mtu angeiweza.

Sasa pana kazi imebaki, ni ya kwako. Kina mama hawakai popote kwenye ile faneli. Ukiwaweka Yupo, wanapewa jina la mume. Ukiwaweka Amefariki, wewe unawajua, watakuja huko huko uliko. Tunataka kisanduku cha nne. Wamelijadili neno mpaka chai ikaisha, wakakubaliana: AMERITHI KITI. Kijenge, utuandikie kilipo, na safari hii useme wazi alama maana yake nini.

Bibi yako amesimama nyuma yangu anasoma ninavyoandika. Amekipenda sana hicho kisanduku cha nne, na anaupenda na ule mkutano, amesema haujawahi kufana mkutano kama ule. Ananiambia nikuulize kama mtu anaweza kuwekwa humo mapema, au ni lazima babu yako afe kwanza. Mjibu wewe. Mimi nimemwambia mashine haiharakishwi.

Babu yako,
yupo